Trekta la Minyororo: Matunzo ya Kila Siku Huokoa Msimu

Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa Dumila na vijiji jirani, haumsubiri mkulima. Ukikauka huwa mgumu. Ukilowa hunata na kuzamisha magurudumu. Trekta la minyororo husambaza uzito wake juu ya eneo pana, hivyo huweza kufanya kazi mahali ambapo trekta la matairi hukwama. Lakini likiharibika wakati wa kulima, hasara haimpati mmiliki peke yake: kila mkulima anayesubiri zamu yake hupanda kwa kuchelewa.

Funzo la jambo hili liko karibu, kwenye barabara ya Dodoma, ng'ambo ya Gairo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa na kuleta matrekta mengi ya minyororo. Ardhi ngumu, uhaba wa vipuri na upungufu wa mafundi viliyalaza mengi kati yake. Mradi ulifutwa mwaka 1951.

Kabla ya kuwasha injini

Trekta lisimame mahali tambarare, injini ikiwa baridi. Dereva apime oili, aangalie maji ya rejeta, na atoe maji yaliyojikusanya chini ya chujio la dizeli. Makapi na vumbi viondolewe kwenye rejeta. Bolti za vibao vya mnyororo zikaguliwe; iliyolegea ikazwe siku hiyo hiyo.

Mkazo wa mnyororo

Mnyororo uliokaza mno hula pini, bushi na gurudumu la meno, tena hupoteza dizeli. Uliolegea mno huchomoka, hasa trekta linapokata kona. Kwa hiyo, fimbo iliyonyooka ilazwe juu ya mnyororo, kisha upimwe mwachano mkubwa kati ya fimbo na mnyororo na kulinganishwa na kipimo cha kitabu cha mashine.

Tope likijaa kwenye meno na rola, mnyororo hujikaza wenyewe. Ndiyo maana tope liondolewe kila jioni, kabla halijakauka.

Mnyororo wa aina nyingi hukazwa kwa kusukuma grisi kwenye silinda yake. Wakati wa kuulegeza, valvu ifunguliwe polepole, isizidi mzunguko mmoja, na mtu yeyote asiweke uso mbele yake. Grisi hiyo ina shinikizo kubwa, nayo huweza kupenya ngozi na kuua.

Dalili na sababu zake

Moshi mweusi: chujio la hewa limeziba, au plau imezamishwa kupita nguvu za trekta.

Moshi wa buluu: injini inaunguza oili, fundi aitwe.

Injini kupata joto: rejeta imeziba, maji yamepungua, au mkanda wa feni umelegea. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa.

Nguvu kupungua: chujio la dizeli limeziba, au maji yameingia kwenye dizeli.

Mnyororo kuchakaa upande mmoja: dereva hugeuzia upande huo huo daima. Abadilishe mwelekeo wa kona, na apunguze kurudi nyuma kwa kasi.

Mwisho, kila trekta liwe na daftari la saa za kazi, tarehe ya kubadilisha oili na vipuri vilivyofungwa. Fundi akiitwa, daftari hilo humwonyesha mahali pa kuanzia. Na wakulima wanaokodi wana haki ya kuliona kabla ya kulipa.