Usiku wa Tatu, Mtoto Analia

Wadogo zangu, barua zenu za kunyonyesha zinafanana. "Dada, maziwa hayatoshi." Nikisoma hadi chini nakuta mtoto ana siku mbili au tatu tu. Mama kajifungua salama, karuhusiwa kesho yake, karudi kwenye chumba chake cha kupanga. Usiku wa tatu mtoto analia kila akilazwa. Mama mkwe anasema ana njaa, jirani analeta maji ya sukari, baba anatumwa dukani akanunue maziwa ya kopo kwa hela ya kodi.

Tulia kwanza. Siku hizo ziwa linatoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Ni machache kwa sababu tumbo la kichanga nalo ni dogo mno. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na kinachoyaita ni kunyonywa: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ukimshibisha kopo ananyonya kidogo, ziwa nalo linapunguza, halafu wiki ijayo unaniandikia kwamba kweli maziwa hayakuwepo!

Kabla ya kulilaumu ziwa, tazama mdomo. Wengi mnampa mtoto ncha ya chuchu, kama anayenyonya mrija wa soda. Mwache afungue mdomo wazi kabisa, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini upinduke nje, na sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka chuchu iingie ndani, hasa upande wa chini. Tumbo lake lielekee lako, shingo isipinde. Chuchu ikichanika, mara nyingi kosa ni mkao, na mafuta peke yake hayatakuponya. Kisha hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku maana yake maziwa yanaingia. Lakini akiwa mlegevu, haamki kunyonya, nepi kavu au mwili una joto, jifunge khanga uende kituo cha afya, hata kama ni usiku.

Kuandika haya ni rahisi. Saa nane za usiku hakuna anayesoma makala. Unamtaka mtu akae kitandani kando yako aone unavyomshika mtoto, na mtu huyo ndiye asiyekuwepo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, hatua ya kumi ilisema vikundi vya kusaidia wanaonyonyesha vianzishwe, na mzazi aelekezwe huko anapotoka hospitali. Hizo nyingine ni za wakunga na wodi zao. Hii ya mwisho inatuhitaji sisi wa mtaani, na ndiyo tuliyoisahau.

Wala hamna haja ya kuanza chama kipya. Mna vikoba. Mnakutana kila wiki na mnajua nani ana mimba kabla hata mumewe hajajua. Pangeni jambo moja tu: mwenzenu akijifungua, mmoja aliyewahi kunyonyesha amtembelee siku ya tatu. Asibebe kopo. Abebe uji wa pilipili manga wa mama, atazame mtoto anavyonyonya, afue nepi, kisha ampakate mtoto ili mama apate usingizi. Siku ya kikao mwalikeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii awaonyeshe mkao kwa doli. Na mama mkwe aalikwe, asisemwe pembeni. Yeye ndiye mwenye kauli nyumbani, na akiyasikia kwa mtaalamu, mkwe wake hatalazimika kubishana naye.

Hapo hapo lizungumzeni na hili la kubemenda. Mtoto akikonda, mtaa unanong'ona: wamekutana mapema, au baba katoka nje. Mama anaona haya kumpeleka kliniki, na mtoto anazidi kuisha. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, jamani. Nahisi wazee walikuwa na lao, mimba isifuate mimba, na hilo ni jema. Kliniki ina njia za uzazi wa mpango zinazomfaa anayenyonyesha. Ila mtoto anayekonda apimwe uzito, ugonjwa utafutwe, umbea ungoje nje.

Kikundi pia hakina ruhusa ya kumhoji mtu kuhusu afya yake. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha, na maelekezo yake anayapata kliniki. Mwacheni.

Kwa mama lishe anayerudi jikoni mapema: osha mikono, kamua kwenye kikombe safi chenye mfuniko, umwachie anayebaki na mtoto. Nje ya friji yasizidi saa nne, na kwa joto la Dar heri yanywewe mapema zaidi. Anyweshwe kwa kikombe, maana chupa ni shida kuisafisha. Aliyeajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Wewe unayenisoma huku dada wa kazi anakuoshea vyombo, sheria hiyo inamhusu na yeye. Akipata mimba usimpandishe basi la kwao kimyakimya. Kaeni chini mpange likizo yake, na hizo saa mbili zitakuwa za lini.