Najisi Huoshwa, Mtu Hatupwi: Funzo Kutoka Jamii ya India

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), darsa yetu ya toleo hili inahusu tabaka za kuzaliwa katika jamii ya India, na yanayotuhusu sisi humo.

Mimi ni mkazi wa Buterere, komini ya Ntahangwa. Jaa la taka za jiji la Bujumbura liko kwetu, na mabwawa ya kusafishia majitaka yako kwetu. Nikitaja ninapoishi, mara nyingi utani wa kwanza huwa juu ya harufu. Utani si dhambi kubwa, lakini India inatuonyesha dharau kwa anayeshika uchafu inaweza kufika wapi ikiachwa ikue.

1. Tabaka hizo ni zipi?

Hapa Bujumbura, ukisema Mhindi, wengi hufikiria mwenye duka. India yenyewe ina watu zaidi ya bilioni 1, na kwa karne nyingi mtu huko amezaliwa ndani ya jati, yaani kundi la ukoo ambalo kwa desturi huamua kazi yake, atakayemuoa na atakayekula naye. Chini kabisa waliwekwa wale ambao leo hujiita Dalit. Walihesabiwa kuwa kuwagusa tu kunatia najisi. Wakaachiwa kuchuna mizoga, kufagia, na kuzoa kinyesi kwa mikono katika vyoo visivyo na maji.

Tazama mzunguko huu: mtu anapewa kazi chafu kwa sababu ukoo wake ni duni, kisha ukoo wake unaitwa duni kwa sababu ya kazi hiyo chafu. Mtoto hana pa kutokea.

2. Sheria ilibadilisha nini?

Mwaka 1927, katika mji wa Mahad, Dkt. B. R. Ambedkar, mwenyewe mzaliwa wa tabaka hilo, aliwaongoza watu wake kwenda kunywa maji ya bwawa la umma walilokuwa wakizuiwa. Miaka 20 baadaye alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba. Katiba hiyo ilianza kazi tarehe 26 Januari 1950, na kifungu chake cha 17 kilifuta utengwaji huo. Viti vya bunge, nafasi za masomo na za kazi serikalini zilitengwa kwa waliobaguliwa. Mwaka 1997 K. R. Narayanan, aliyezaliwa Dalit, akawa Rais. Hayo ni mabadiliko makubwa, na haki yasemwe.

Lakini India ilitunga sheria ya kukataza kuzoa kinyesi kwa mikono mwaka 1993, ikalazimika kutunga nyingine mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi iliamuru familia za waliokufa ndani ya mashimo ya majitaka tangu 1993 zilipwe fidia ya rupia milioni 1 kila moja. Kwa nini sheria mbili kwa jambo moja? Kwa sababu shimo bado linajaa, na anayeitwa kuingia bado hutoka katika koo zilezile. Na katika ndoa, wengi bado huoana ndani ya jati yao. Sheria ilifungua mlango wa bunge, lakini haikuweza kuingia jikoni wala kwenye posa.

3. Waislamu wa India wamesalimika?

Hapa ndipo somo linapotugusa. Ripoti ya Kamati ya Sachar ya mwaka 2006, iliyochunguza hali ya Waislamu wa India, inataja mgawanyo wa Ashraf, wanaojinasibisha na koo za Uarabuni, Uajemi na Asia ya Kati. Ajlaf, watu wa ufundi na kilimo. Na Arzal, waliosilimu kutoka tabaka za chini kabisa. Miongoni mwa hao wa mwisho wamo wafagiaji na wasafisha vyoo wanaoitwa Halalkhor. Maana ya jina hilo ni "anayekula halali". Mtu anakula halali, na bado Mwislamu mwenzake anaona vibaya kumwoza binti yake.

Wapo waliotetea jambo hili kwa kafaa, yaani kulingana kwa wanandoa. Tusifiche: katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, Imam Nawawi katika Minhaj anaihesabu kazi kuwa sehemu ya kafaa, na anasema mfagiaji halingani na binti wa mshona nguo. Lakini fiqhi hiyohiyo inasema kafaa ni haki ya binti na walii wake, wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Imam Malik yeye alitazama zaidi dini. Na Mtume (s.a.w.) alimuoza Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, kwa Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake. Basi kafaa iliwekwa kumlinda binti. Kuigeuza uzio wa koo, kizazi hadi kizazi, ni jambo jingine.

4. Najisi iko wapi?

Kosa la mfumo wa tabaka, kwa lugha ya fiqhi, ni kuhamisha najisi kutoka kwenye kitu kwenda kwa mtu. Abu Hurayra (r.a.) alipojitenga na Mtume (s.a.w.) kwa sababu alikuwa na janaba, Mtume alimfundisha kuwa muumini hawi najisi. Uchafu huoshwa kwa maji, ukaisha.

Vilevile Bukhari na Muslim wamepokea habari ya aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipokufa, watu walimzika bila kumwambia Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipojua aliomba aonyeshwe kaburi, akamswalia.

Huenda ukasema: je, aliyekula kitunguu hakukatazwa kukaribia msikiti? Ndiyo, lakini katazo hilo ni la harufu yenyewe, linamhusu tajiri na maskini, na huisha harufu ikiisha. Halina uhusiano na ukoo.

5. Na sisi Burundi?

Tusiinyooshee India kidole. Ndugu zetu Batwa, mafundi wa vyungu, kwa desturi watu hawakukubali kunywa nao chombo kimoja. Ubugererwa, uliowafunga watu wasio na ardhi kwa mwenye shamba, ulifutwa mwaka 1977. Katiba ya 2005 iliwapa Batwa viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti. Kama India, mlango wa juu umefunguliwa. Chombo na posa vimebaki mikononi mwetu.

Na hapa Buterere, wapo kina mama na vijana wanaochambua taka kwenye jaa ili wapate chupa na vyuma vya kuuza. Hatujafika kwenye jati. Lakini mtoto akianza kuitwa kwa jina la jaa shuleni, mzunguko ule umeanza.

Napendekeza tuanze na haya. Vipande vya vioo, wembe na sindano vifungwe kando kabla ya kutupwa, maana kuna mkono utakaovigusa. Misikiti yetu iwe na maji na mahali pa kuoga, ili anayetoka jaani aingie swafu kama mwenzake. Na anayekuja kuposa aulizwe dini na tabia kabla ya mtaa.

Maswali ya halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya kafaa ya fiqhi na ubaguzi wa koo?
2. Kwa nini sheria pekee haikutosha India?
3. Katika familia yako, ni chombo gani au posa gani ambayo watu wa kundi fulani hawakubaliwi?

Allah (s.w.t.) ametufundisha katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kuwa mbora wetu mbele Yake ni mwenye taqwa zaidi. Atujaalie kuliishi hilo. Amin.

Wallahu a'lam.