Somo la Hesabu: Nukta na Mahali Pake

Mgeni akishuka garini mjini Nakuru na kuuliza njia ya kwenda Njoro, wenyeji humwelekeza kwa mti, kwa duka, kwa daraja na kwa kanisa. Maelekezo hayo ni mema, lakini yana upungufu wake. Mti hukatwa, duka hupakwa rangi nyingine, na daraja huchukuliwa na mafuriko. Namba hazikatwi wala hazichukuliwi na maji. Ndiyo sababu wanamaji, wapima ardhi, marubani na waganga wanaopeleka dawa mahali pa mbali hutaja mahali kwa namba mbili tu. Ustadi huo si wa wakubwa peke yao. Mtoto wa shule aweza kuushika kwa karatasi moja na kalamu ya risasi.

Asili ya elimu hii yatajwa pamoja na jina la René Descartes, mwenye hekima wa Ufaransa. Mwaka 1637 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba maumbo ya jiometri yaweza kuelezwa kwa hesabu. Kutokana na kazi yake na ya wale waliomfuata ulikua mtindo wa kutia mistari miwili yenye kukatana, na kuhesabu kutoka kwenye makutano yake.

MISTARI MIWILI YA BONDE LA UFA

Watu wa Nakuru wana bahati ambayo wengi hawaijui. Mistari miwili mikubwa ya ramani ya dunia hukutana karibu nao. Mmoja ni Ikweta, unaogawa dunia sehemu mbili, kaskazini na kusini. Wa pili ni mstari wa longitudo ya digrii 36 mashariki, unaopita kati ya Nakuru na Njoro ukielekea kaskazini. Mistari hiyo hukatana kilometa chache mashariki ya mji mdogo wa Mogotio, katika njia ya kwenda Baringo.

Basi msomaji na achukue karatasi ya grafu yenye miraba midogo. Apige mstari mmoja wa kulala katikati, nao ndio Ikweta. Apige mwingine wa kusimama, nao ndio digrii 36. Mahali inapokatana ni chanzo, na namba zake ni (0, 0). Kila mraba mmoja na uwe dakika moja ya digrii, yaani kama kilometa 1.85 juu ya ardhi.

Kanuni ni hizi:

Namba ya kwanza huonyesha mwendo wa kulia au kushoto. Kulia, yaani mashariki, haina alama. Kushoto, yaani magharibi, hutiwa alama ya kutoa.

Namba ya pili huonyesha mwendo wa juu au chini. Juu, yaani kaskazini, haina alama. Chini, yaani kusini, hutiwa alama ya kutoa.

Sasa mahali panapojulikana paweza kuandikwa hivi, kwa kukadiria hadi dakika iliyo karibu:

Nakuru (4, -17)
Menengai, ndani ya shimo la mlima (4, -12)
Njoro (-3, -20)
Molo (-16, -15)
Rongai (-8, -10)
Eldama Ravine (-16, 3)
Kabarnet (-15, 30)
Ziwa Bogoria (6, 15)
Ziwa Baringo (5, 38)
Nyahururu (22, 2)
Gilgil (19, -30)
Naivasha (26, -43)

Ili kuitia Nakuru katika karatasi, mwanafunzi huanza kwenye chanzo, husogea kulia miraba 4, kisha hushuka chini miraba 17, na hapo hutia nukta. Kwa Kabarnet huenda kushoto miraba 15, kisha hupanda juu miraba 30. Akimaliza orodha yote ataona kwamba mistari miwili imeigawa nchi robo nne. Bogoria, Baringo na Nyahururu zimo katika robo ya juu kulia, ambako namba zote mbili hazina alama ya kutoa. Kabarnet na Eldama Ravine zimo juu kushoto. Molo, Njoro na Rongai zimo chini kushoto, ambako namba zote mbili zina alama hiyo. Nakuru, Gilgil na Naivasha zimo chini kulia. Kwa hiyo alama peke yake, hata kabla ya kuhesabu miraba, humwambia mtu ni upande gani wa nchi anaokwenda.

HATARI YA KUGEUZA NAMBA

Kosa kubwa la wanaoanza ni kugeuza mfuatano wa namba. Wengine hudhani kwamba (4, -17) na (-17, 4) ni mamoja, kwa kuwa namba ni zile zile. Mwanafunzi na aitie nukta ya pili katika karatasi yake. Ataikuta kando ya Eldama Ravine, kwani mji huo uko (-16, 3). Mtu aliyetumwa kupeleka damu hospitalini Nakuru, akageuza namba mbili tu, atajikuta karibu kilometa 55 kutoka kwa mgonjwa, ng'ambo ya Ikweta. Hakukosea hata namba moja, amekosea mfuatano.

Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa sababu watu wa jiografia hutaja latitudo kwanza. Wao husema kwamba Nakuru iko dakika 17 kusini ya Ikweta, na longitudo yake ni digrii 36 na dakika 4 mashariki. Simu nyingi za mkononi hutaja mahali kwa mfuatano huo huo. Mwalimu wa hesabu hutaja kulia na kushoto kwanza. Wote wawili wana haki, lakini msomaji hana budi kujua ni nani anayesema naye kabla ya kuanza safari.

KUHAMISHA NUKTA

Nukta huhamishwa kwa kujumlisha na kutoa. Anayetoka Nakuru mjini (4, -17) kwenda ndani ya shimo la Menengai (4, -12) hujumlisha 5 katika namba ya pili, na namba ya kwanza haibadiliki. Maana yake ni kwamba amekwenda kaskazini moja kwa moja, miraba 5, yaani kama kilometa 9. Hali kadhalika Molo na Eldama Ravine zina namba moja ya kwanza, -16. Basi Eldama Ravine iko kaskazini sawasawa ya Molo, ijapokuwa barabara zinazopinda huwafanya wasafiri wasitambue.

Anayetoka Njoro (-3, -20) kwenda Nakuru (4, -17) hubadili namba zote mbili. Kutoka -3 hadi 4 ni miraba 7 kulia. Kutoka -20 hadi -17 ni miraba 3 juu. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa: huona 20 ni kubwa kuliko 17, wakasema msafiri ameshuka. Lakini -17 iko juu ya -20, kama vile mtu aliye futi 17 chini ya kinywa cha kisima alivyo juu ya mwenziwe aliye futi 20 chini.

Nukta yaweza pia kugeuzwa kama sura katika kioo. Karatasi ikikunjwa sawasawa kwenye mstari wa Ikweta, Nakuru (4, -17) itaangukia (4, 17), karibu na Ziwa Bogoria. Namba ya kwanza imebaki vile vile, na ya pili imebadili alama tu. Karatasi ikikunjwa kwenye mstari wa digrii 36, ni namba ya kwanza inayobadili alama.

JIWE LA MPAKA

Kwa mkulima somo hili halikomei darasani. Katika Bonde la Ufa mashamba mengi makubwa yaligawanywa vipande kuanzia mwaka 1962, katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja, na ugomvi wa mipaka ni jambo linalojulikana katika kila kijiji.

Na ichukuliwe mfano wa shamba lenye pembe nne, likipimwa kwa meta kutoka pembe yake ya kusini-magharibi. Pembe A ni (0, 0), B ni (100, 0), C ni (100, 80) na D ni (0, 80). Upana wake ni meta 100 na urefu meta 80, kwa hiyo eneo lake ni meta za mraba 8,000, karibu ekari 2. Usiku mmoja jirani wa upande wa mashariki analing'oa jiwe la pembe B na kulipanda tena (90, 0). Asubuhi mwenye shamba anatazama. Jiwe lipo, na ua unapita kutoka jiwe hadi jiwe. Macho yake hayaoni kitu.

Hesabu yaona. Kipande kilichokatwa ni pembetatu yenye pembe (90, 0), (100, 0) na (100, 80). Kitako chake ni meta 10 na kimo chake meta 80. Nusu ya 10 mara 80 ni meta za mraba 400. Hiyo ni sehemu moja katika ishirini ya shamba lote. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mashina, kipande hicho hubeba mashina zaidi ya 1,700. Jiwe moja limesogezwa hatua chache tu, na watoto wa nyumba hiyo wamepotewa na magunia kila mwaka.

Lakini jirani huyo amehamisha jiwe, hakuihamisha nukta. Penye upimaji kamili, kila jiwe la mpaka lina jozi ya namba katika kumbukumbu za wapima ardhi. Mpimaji akiletwa atazisoma namba hizo, atapima kutoka mawe mengine yasiyoguswa, na atapaonyesha mahali pa kweli. Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba ni kosa kuondoa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ya msajili. Mwenye shamba ajuaye namba zake na kuzihifadhi pamoja na hati yake ana shahidi asiyesahau wala asiyenunulika.

MSHONO KATI YA NAKURU NA NJORO

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la Nakuru hasa. Ramani za Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000 zimechorwa miraba ya kilometa moja moja, na kila mraba una upana wa sentimeta 2 juu ya karatasi. Ili kuepuka namba zenye alama ya kutoa, wapimaji huigawa dunia kanda za digrii sita sita, na mstari wa katikati wa kila kanda huupa namba 500,000 badala ya 0. Upande wa kusini wa Ikweta, Ikweta yenyewe hupewa namba 10,000,000, na namba hupungua kadiri mtu anavyoshuka.

Sasa, mshono wa kanda ya 36 na ya 37 ni ule ule mstari wa digrii 36. Njoro imo katika kanda ya 36, karibu na ukingo wake wa mashariki, na namba yake ya kwanza ni kama meta 827,000. Nakuru imo katika kanda ya 37, karibu na ukingo wake wa magharibi, na namba yake ya kwanza ni kama meta 173,000. Mwanafunzi asiyeangalia kanda akitoa moja katika nyingine atapata kilometa 654, tena atasema kwamba Nakuru iko magharibi ya Njoro! Kila mchuuzi wa sokoni Njoro ajua kwamba si kweli. Kosa si la namba. Kila namba huhesabiwa kutoka chanzo chake, na namba za vyanzo viwili haziwezi kulinganishwa mpaka kwanza zirudishwe kwenye chanzo kimoja.

MASWALI

1. Msafiri anaanzia Rongai (-8, -10). Anakwenda kulia miraba 27, kisha chini miraba 20. Amefika mji gani?

2. Kuna kilometa ngapi kutoka Molo (-16, -15) hadi Eldama Ravine (-16, 3), kwa mstari ulionyooka?

3. Karatasi ikikunjwa kwenye mstari wa digrii 36, Njoro (-3, -20) itaangukia wapi?

4. Katika shamba la mfano, mawe ya B na C yote mawili yamesogezwa meta 5 kushoto. Mwenye shamba amepoteza eneo gani?

MAJIBU

1. (19, -30), yaani Gilgil.

2. Kutoka -15 hadi 3 ni miraba 18, mara 1.85 ni kama kilometa 33.

3. (3, -20), karibu na Ziwa Nakuru.

4. Meta 5 mara 80 ni meta za mraba 400, sawasawa na eneo lililopotea jiwe moja liliposogezwa meta 10. Kwa hiyo mwenye shamba na asipime jiwe moja tu. Na apime yote manne.