Bastola Ndogo ya Silinda: Namna ya Kutambua Hitilafu Zake

Husemwa mara nyingi kwamba bastola ya silinda haikwami. Usemi huu una ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Bastola hii, kama mashine nyingine yoyote, ina springi, meno, mihimili na nafasi finyu baina ya chuma na chuma; na kila kimoja cha vitu hivyo chaweza kuchakaa, kulegea au kuingiwa na uchafu. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji jinsi ya kuitazama hitilafu na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye chanzo chake.

Tutachukua mfano wa bastola ndogo ambayo askari polisi wa Marekani wamezoea kuibeba kama silaha ya akiba, mfukoni au kwenye kifundo cha mguu. Mfano maarufu ni ile iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1950 kwa jina la Chiefs Special. Ilikuwa na vyumba vitano vya risasi badala ya sita, na uzito wa gramu 550 hivi. Silaha ya namna hii yaweza kukaa miezi mingi bila kufyatuliwa, huku ikipata jasho, vumbi na nyuzinyuzi za nguo. Kisha hutakiwa siku ambayo silaha kubwa imekwisha kushindwa. Siku hiyo hakuna nafasi ya kutafuta kosa; hapana budi kosa liwe limetafutwa mapema.

Tahadhari ya kwanza

Kabla ya uchunguzi wowote, silinda ifunguliwe, risasi zote zitolewe, kila chumba kitazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, na risasi zipelekwe chumba kingine cha nyumba. Mtutu uelekezwe daima mahali ambapo hapana mtu. Atakayeona hatua hizi ni za kitoto asiendelee na somo hili.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Tarehe 25 Februari 1836 Samuel Colt alipewa nchini Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake. Kiini cha uvumbuzi huo ni kwamba nyundo inapovutwa nyuma, silinda huzunguka yenyewe na kufungwa mahali pake. Katika bastola zilizofuata, kazi hiyo yote yaweza kufanywa na kifyatuo peke yake. Kidole kikivutapo, mambo matatu hutokea kwa mpango: nyundo hurudi nyuma na kuikaza springi, kidole cha chuma husukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, na kizuizi kidogo huingia katika tundu lake ili kuikaza silinda isicheze. Katika bastola ya vyumba vitano, kila mvuto mmoja huzungusha silinda nyuzi 72. Ndipo nyundo huachiliwa, sindano ikapiga fataki iliyo kitakoni mwa ganda, na baruti ikawaka.

Hitilafu ya kwanza: nyundo yapiga, risasi hailii

Litazame tundu lililopigwa kwenye fataki, kwani ndilo shahidi wa kwanza. Likiwa katikati lakini si la kina, nguvu ya pigo ilipungua. Huenda springi imechoka, au mafuta ya zamani yameganda ndani ya mtambo, au mwenye silaha amebadili springi ili kifyatuo kiwe chepesi. Hapa twakumbuka kanuni ya fizikia: nishati iliyohifadhiwa katika springi hulingana na ugumu wake na mraba wa urefu uliobanwa. Anayeilegeza springi ili kumpumzisha kidole huipunguza nishati ile ile inayowasha fataki. Iwapo silinda inacheza mbele na nyuma kupita kiasi, sehemu ya pigo hupotea katika kuisogeza silinda badala ya kuibonyeza fataki.

Tundu likiwa pembeni mwa fataki, chanzo ni kingine: huenda silinda haikufika mahali pake. Fundi hulipima jambo hili kwa kuvuta nyundo polepole sana, bastola ikiwa tupu, akisikiliza kizuizi kiingie katika tundu lake kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Afanye hivyo kwa kila chumba, maana jino moja laweza kuwa limechakaa na manne yakawa mazima. Kasoro hii ina hatari yake: kichwa cha risasi hukwaruza ukingo wa mtutu, na vipande vya madini hurushwa kando kupitia upenyo ulio baina ya silinda na mtutu. Upenyo huo kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya milimita, lakini watosha kumjeruhi aliyesimama ubavuni.

Hitilafu ya pili: silinda ni nzito au imekwama

Vyanzo vya kawaida ni vitatu. Cha kwanza ni chembe za baruti isiyoungua zilizoingia chini ya nyota ya kutolea maganda. Nyota ikiinuliwa hata kidogo, risasi hukaa nyuma mno na kusugua bamba la fremu. Dawa yake ni mswaki mkavu. Kinga yake ni kuuelekeza mtutu juu wakati wa kutoa maganda, ili chembe zianguke chini pamoja nayo.

Cha pili ni kifimbo cha kutolea maganda kilicholegea nyuzi zake. Kikijifungua hurefuka, kikabana upande wa mbele, na silinda ikakataa kufunguka.

Cha tatu huwashangaza wengi. Mkulima anapotaka kukaza shoka hupiga kitako cha mpini; mpini husonga, lakini kichwa cha shoka, kwa uzito wake, hubaki nyuma. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Bastola irukapo nyuma, huvuta maganda ya risasi ambazo hazijalia, lakini vichwa vyake vizito hupenda kubaki vilipo. Visipokuwa vimebanwa vema, hutokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Hesabu yaonyesha kwa nini bastola nyepesi ndiyo iathirikayo zaidi. Kichwa cha gramu 10 kiendacho meta 230 kwa sekunde, tukiacha gesi za baruti, huisukuma nyuma bastola ya gramu 550 kwa kasi ya meta 4.2 kwa sekunde. Bastola ya gramu 340, kama zitengenezwazo kwa aloi nyepesi, husukumwa kwa meta 6.8 kwa sekunde. Wepesi uliomfurahisha mbebaji hulipiwa hapa.

Hitilafu ya tatu: kimya na mlio hafifu

Hizi ndizo za kuogopwa kuliko zote. Wakati mwingine fataki huchelewa kuwasha baruti. Katika uwanja wa mazoezi, risasi isipolia, mtutu uendelee kuelekezwa shabahani kwa nusu dakika au zaidi, wala kifyatuo kisivutwe tena. Kwani kukivuta kutaihamisha risasi ile mbali na mtutu, nayo ikilia huko haina njia ya kutokea.

Mlio ukiwa hafifu na mrusho mdogo kuliko kawaida, simama papo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Risasi ya pili itakikuta njiani, na mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Silinda ifunguliwe, risasi zote zitolewe, ndipo mtutu ukaguliwe kwa mwanga. Silinda isipofunguka isilazimishwe. Ipelekwe kwa fundi, naye aambiwe wazi kwamba ina risasi.

Mwisho

Kusafisha, kukagua na kupaka mafuta kidogo ni kazi ya mwenye silaha. Kuchonga meno, kubadili springi na kurekebisha kizuizi ni kazi ya fundi aliyeruhusiwa na sheria. Na baada ya kila tengenezo, silaha ijaribiwe uwanjani kwa risasi zile zile zitakazobebwa, kabla haijaaminiwa tena.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya tundu la fataki lisilo na kina na tundu lililo pembeni?
2. Ugumu wa springi ukipunguzwa kwa robo, na urefu uliobanwa ukabaki ule ule, nishati yake itapungua kwa kiasi gani?
3. Kwa nini chembe chache za baruti zaweza kuisimamisha silinda nzima?
4. Eleza kwa nini kuvuta kifyatuo mara ya pili kwaweza kuwa hatari zaidi kuliko kungoja.