Jinsi ya Kuipima Kozi ya Kiingereza cha Uhandisi

Mwanafunzi kutoka Kitale au Bungoma anayesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, amefundishwa kwa Kiingereza miaka mingi. Hata hivyo, akienda atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika kiwanda cha sukari cha Nzoia au kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, Kiingereza anachodaiwa ni kingine: kujaza logibuku, kuripoti hitilafu, kumweleza msimamizi kwa nini mashine imesimama. Kozi maalumu ipo kwa ajili ya hayo, na ipimwe kwa hayo. Mhadhiri au mkuu wa idara anaweza kufuata hatua hizi.

1. Anza kazini. Kabla ya kufungua mtaala, tembelea viwanda na kampuni za maji zinazopokea wanafunzi wako. Omba kuona aina za maandishi yanayotumika: fomu za matengenezo, ripoti za ukaguzi, maelekezo ya usalama. Ziorodheshe, kisha linganisha na mada za kozi. Mada isiyogusa chochote katika orodha hiyo ijitetee.

2. Pima kabla ya kufundisha. Wiki ya kwanza, wape wanafunzi mchoro wa pampu na maelezo mafupi ya hitilafu, waandike ripoti ya ukurasa mmoja. Hifadhi kazi hizo. Bila kipimo cha mwanzo hutajua maendeleo yametoka wapi.

3. Weka vigezo wazi. Sarufi isimeze alama zote. Uliza: Tatizo limetajwa mahali pake hasa? Vipimo vina vizio? Aliyoyaona na anayoyakisia yametenganishwa? Hatua inayopendekezwa inaeleweka? Anayeandika tu kwamba pampu ina shida hajamsaidia fundi wa zamu ya usiku. Anayesema sili ya pampu ya pili inavuja, ameizima pampu saa nne, na sili ibadilishwe kabla pampu haijawashwa tena, amemsaidia, hata kama amekosea nyakati za vitenzi.

4. Kaa darasani. Hesabu muda ambao wanafunzi wanaandika na kuzungumza, na muda wa kumsikiliza mwalimu. Angalia pia kama mwalimu wa lugha na mhandisi wanasahihisha pamoja. Mmoja peke yake huacha pengo.

5. Rudia jaribio mwishoni. Toa kazi ya aina ileile yenye hitilafu tofauti. Ondoa majina, changanya kazi za mwanzo na za mwisho, kisha wasahihishaji wawili wazisome bila kujua ipi ni ipi.

6. Fuatilia baada ya atachimenti. Kuanzia 1959, Donald Kirkpatrick wa Marekani alishauri mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyaonaje, wamejifunza nini, wanatenda nini kazini, na kazi imenufaika vipi. Dodoso la mwisho wa muhula hugusa ngazi ya kwanza tu. Muulize msimamizi wa kiwanda: ripoti za mwanafunzi huyu zilitumika, au ilibidi ziandikwe upya?

Kozi ikipendwa na wanafunzi lakini ripoti zao zikabaki vilevile, ibadilishwe. Usisubiri mtaala mpya: muhula ujao anza na hatua ya pili, kwani inahitaji karatasi, mchoro mmoja na saa moja ya darasa.