Vuli Hii, Dawa ya Kahawa Ibaki Shambani

Mvua za vuli zikianza, wakulima wa Murongo na vijiji jirani huandaa mabomba ya kunyunyizia kahawa na nyanya. Dawa nyingi za kutu ya majani, chulebuni na bakajani zina kopa, yaani shaba. Zikitumika kwa kipimo husaidia sana. Lakini shaba ni metali, haiozi. Hushikamana na udongo wa juu, na mvua ikiusomba udongo huo, huufikisha Mto Kagera na hatimaye Ziwa Victoria.

Samaki huanza kuumia kwenye matamvua anayopumulia. Shaba iliyoyeyuka huharibu ngozi laini ya matamvua, ute hujaa, hewa haipiti vizuri na chumvi ya mwili huvuja. Metali inayoingia mwilini hujikusanya kwenye ini na figo, viungo vinavyosafisha damu, na taratibu huviharibu. Mayai na vifaranga ndivyo dhaifu zaidi. Ningu hupanda mitoni kutaga majira ya mvua, wakati uleule udongo wa mashamba unaposombwa.

Wilayani kwetu Kyerwa tuna pia machimbo ya bati. Bati lenyewe haliyeyuki kirahisi, ila mwamba unaovunjwa pamoja nalo unaweza kuwa na arseniki au risasi, na tope la kuoshea mchanga huziba matamvua. Tuwatazame jirani zetu wa Kilembe, Uganda. Shaba ilichimbwa huko kuanzia 1956 hadi 1982, lakini mpaka leo mafuriko ya Mto Nyamwamba husomba mabaki ya mgodi kuelekea Ziwa George.

Msimu huu zingatia haya:

1. Pima dawa kama lebo inavyoelekeza. Usinyunyize mvua ikiwa imetanda.

2. Usioshe bomba mtoni wala kisimani. Maji ya kusuuzia yanyunyizie shambani, kwenye zao lilelile.

3. Usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka. Acha matete na nyasi zishike udongo.

4. Tandaza nyasi kwenye kibanja, na kwenye mteremko chimba makingamaji. Udongo ukibaki, shaba nayo hubaki.

5. Mwenye bwawa la sato au kambale, chimba mfereji wa kukinga maji ya mashamba, wala usichukue maji chini ya machimbo. Pima uchachu wa maji, kwani maji yenye asidi huzidisha ukali wa metali. Afisa uvuvi atakueleza kiasi cha chokaa ya kilimo kinachofaa.

Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, kisha wanatulia jua likipanda, huenda hewa ilipungua usiku. Wakiendelea kuhema mchana, na matamvua yamejaa ute, shuku sumu. Usiwauze wala usiwale. Mwite afisa uvuvi, na kama ni mtoni, toa taarifa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Kwa samaki wasio na dalili hizo, kuondoa ini na figo jikoni hupunguza baadhi ya metali, lakini zebaki hukaa kwenye nyama yenyewe na kisu hakiiondoi. Kinga ianzie shambani, kabla mvua haijanyesha. Mkulima, kagua ukingo wako wa mto wiki hii.