SAHANI YA MZEE
Somo juu ya kipimo cha chakula mikahawani

Yako mambo ambayo watu huyahisabu kuwa madogo, na kwa udogo wake hayasemwi msikitini wala barazani. Kumbe ndani yake mna haki ya mtu, mna mali, na mna heshima ya mkubwa. Miongoni mwa mambo hayo ni kipimo cha chakula anachoandaliwa mzee anapoingia katika mkahawa. Kijana huletewa sahani akaikomba. Mzee huletewa sahani ile ile, akala matonge manane au tisa akakinai, na kilichobaki kikenda jaani. Amelipa chakula kizima, amekula nusu, na juu ya hayo ameinuka na haya usoni kwa kuwa ameacha makombo mbele za watu. Katika darsa hii twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu: sababu yake ni nini, tumefundishwa nini juu yake, na dawa yake ni ipi.

MFANO WA ISINYA

Tuchukue mfano wa mahali wanapopita wengi katika sisi. Isinya ni mji mdogo wa Kaunti ya Kajiado, katika njia kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, baada ya Kitengela na kabla ya kufika Kajiado yenyewe. Nchi hiyo ni nchi ya Wamaasai na mifugo yao, na msafiri wa njia hiyo hukaribishwa na harufu ya nyama ichomwayo. Desturi yake yajulikana: nyama imetundikwa, mteja huonyesha pande alitakalo, muuzaji hukata na kupima kwa mizani, kisha nyama huchomwa juu ya makaa, ikakatwakatwa juu ya ubao, ikaletwa na chumvi, kachumbari na ugali. (Mwislamu, bila shaka, huuliza kwanza habari ya uchinjaji ndipo akauliza habari ya uzito.)

Sasa tazama. Katika nyama, dawa ya jambo letu imo tayari, nayo ni mizani. Mwenye kutaka kilo hupimiwa kilo, na mwenye kutaka robo yaweza kupimwa robo. Lakini ugali waja kwa bonge moja la ukubwa mmoja, na wali waja kwa sahani moja ya ukubwa mmoja, awe mlaji ni mpakizi wa magunia mwenye miaka 25 au ni bibi mwenye miaka 75. Na hata katika nyama, mzee huona haya kusema, "Nipimie robo," akichelea kudhaniwa kuwa ni bahili au fukara. Basi huagiza nusu kilo kwa ajili ya macho ya watu, si kwa ajili ya tumbo lake.

Na katika nchi ile kipande cha nyama si kitu cha kuchezewa. Ukame ulioanza mwaka 2020 ukaendelea mpaka mwanzo wa mwaka 2023 uliua katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizodhurika. Mtu aliyeona ng'ombe wake wakianguka mmoja mmoja kwa kukosa majani, hawezi kuona nyama nzuri ikitupwa asihuzunike.

KWA NINI MZEE HULA KIDOGO

Wako vijana wanaodhani kuwa mzee aachaye chakula amedeka, au hakupenda upishi. Sivyo. Tumbo la mtu mzima wa miaka mingi hutoa chakula polepole zaidi kuliko la kijana, kwa hivyo hujiona ameshiba mapema na hukaa na shibe hiyo muda mrefu. Uwezo wa kunusa na wa kuonja hupungua, na chakula kisichonukia hakivuti roho. Meno hupungua au huuma, na nyama choma ni mtihani wa meno. Dawa nyingine za maradhi huondoa hamu ya kula. Na mwili ambao hautembei wala haubebi mizigo kama zamani hauhitaji moto mwingi wa kuuendesha.

Ama hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha somo hili. Hamu ya mzee hupungua, lakini haja ya mwili wake kwa vyakula vya kujenga mwili, yaani protini, haipungui. Bali huzidi kidogo. Mtu mzima wa kawaida huambiwa atosheke na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa wazee, wataalamu wengi wa lishe leo hupendekeza gramu 1 mpaka 1.2, ili misuli isiyeyuke na miguu isilegee. Mzee mwenye uzito wa kilo 60 ahitaji basi kiasi cha gramu 60 mpaka 72 kwa siku, na akizigawa katika milo mitatu ni gramu 20 mpaka 24 kwa kila mlo. (Mwenye maradhi ya figo afuate neno la daktari wake, kwani hisabu yake ni nyingine.)

Tukirudi Isinya na hisabu hii: gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyokwisha kuiva zina protini kiasi cha gramu 25. Robo kilo ya nyama mbichi yenye mfupa, ikitolewa mfupa na ikichomwa hata maji na mafuta yake yakachuruzika, hubaki kiasi cha nusu yake hivi. Maana yake ni kwamba ile robo aliyoionea haya mzee ndiyo fungu lake halisi kwa mlo mmoja! Si ubahili, ni kipimo sawa.

Twajifunza pia kwamba sahani ndogo isiwe sahani duni. Mpishi akitaka kumpunguzia mzee, apunguze ugali au wali, asipunguze kitoweo. Mkahawa uletao wali mwingi wenye kipande cha nyama kama ukucha, na mkahawa uletao wali kidogo usio na kitoweo, vyote viwili vimemdhulumu. Nyama yake na ilainishwe au ikatwe vipande vidogo. Na asiyeweza nyama, kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini kiasi cha gramu 15.

Na tahadhari mbili. Mzee anayepungua uzito bila kukusudia asipongezwe kwa kula kidogo, bali apelekwe kwa daktari. Na mwenye sukari atumiaye sindano ya insulini, au vidonge vinavyoteremsha sukari kwa nguvu, asipunguze chakula chake kwa ghafula bila ya kushauriwa.

TULIYOFUNDISHWA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa, na hapo hapo akatukataza israfu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ametuelekeza kwamba mwanadamu hutoshwa na matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake. Na ikiwa hapana budi kuzidisha, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Kadhalika ametufundisha kuwa chakula cha wawili chawatosha watatu, na kwamba asiyemhurumia mdogo wetu na kumheshimu mkubwa wetu hayuko katika mwendo wetu.

Zaidi ya hayo, sheria yetu haikuona aibu kupima chakula. Zaka ya fitri tunaitoa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Na mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani, sheria imemwondolea saumu, ikamwekea fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Zingatia hekima yake: sheria imekiri kuwa mwili wa mzee si mwili wa kijana, ikampimia kwa kadiri yake, wala haikumtahayarisha. Lau sheria imempimia mzee hivyo katika nguzo ya dini, itakuwaje mwenye mkahawa ashindwe kumpimia katika sahani ya wali?

Na wazee wetu wa pwani walikuwa na dawa yao, nayo ni sinia. Watu wanne au watano hulizunguka sinia moja, kila mmoja akala upande wake. Mwenye kula sana akala, na mwenye kula kidogo akanawa mikono bila ya mtu kujua amekula matonge mangapi. Mkahawa, kwa kumpa kila mtu sahani yake, umeifichua siri ya mzee. Kwa hivyo mkahawa wenyewe wapaswa kutafuta sitara nyingine.

HAKI YA MWENYE MKAHAWA

Tusiwe wenye kutazama upande mmoja tu. Mwenye mkahawa naye ana haki, na pengine atasema: "Nikiuza nusu sahani kwa nusu ya bei, nitafilisika." Neno lake lina ukweli. Tuseme sahani ya pilau yauzwa Sh 400, na katika hizo Sh 200 ni chakula chenyewe, na Sh 200 ni makaa, mshahara wa mpishi, kodi ya nyumba na maji ya kuoshea. Akipunguza chakula kwa nusu, ameokoa Sh 100 tu. Gharama nyingine zimebaki pale pale. Akiuza nusu sahani kwa Sh 200, amepunguza faida yake au ameingia hasarani. Akiuza kwa Sh 300, hakupoteza kitu, mzee ameokoa Sh 100, na hapana kilichotupwa.

Kwa hivyo si wajibu kwamba nusu ya chakula iwe kwa nusu ya bei. Lililo wajibu ni kwamba bei ijulikane kabla ya kula, na pande mbili ziridhike. Ama kuipunguza sahani kwa siri na kuiuza kwa bei ile ile, au kuipima robo yenye upungufu kwa kuwa mnunuzi ni mzee na macho yake hayaoni mizani, hayo ndiyo yaliyoteremshiwa Sura ya Al-Mutaffifin, na kila mfanyi biashara na aisome akaogope.

Na tukumbuke hali ya wazee wetu. Katika Kenya hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wenye miaka 60 na zaidi ni kiasi cha milioni 2.7. Wengi wao hawana pensheni, na msaada wa serikali wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi ni Sh 2,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa namna hiyo Sh 100 si kitu kidogo. Huenda ndiyo itakayomfanya aketi na wenziwe mkahawani, au abaki nyumbani akila peke yake. Na mzee alaye peke yake kila siku hula kidogo zaidi, akazidi kudhoofika. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kimetaja kuwa wazee wana haki ya kuishi kwa heshima. Na heshima haianzi mahakamani, huanza mezani.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Katika Marekani, mikahawa kama Denny's na IHOP imeweka orodha ya vyakula kwa wenye miaka 55 na zaidi, yenye mafungu madogo na bei pungufu. China ilitunga sheria ya kuzuia upotevu wa chakula mwezi wa Aprili 2021, na ndani yake mikahawa imehimizwa kutoa mafungu madogo kwa kila ayatakaye. Wameona sababu: Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilikuwa tani bilioni 1.05, na katika kila mafungu 100 ya hicho, 28 yalitoka katika mikahawa na mahali pengine pauzwapo chakula kilichopikwa.

Kati ya njia hizi mbili, sisi twaona ya pili ni bora. Orodha ya wazee humlazimisha mtu kutangaza umri wake. Lakini nusu sahani ikiwa ni ya kila mtu, mzee ataiagiza bila ya kuulizwa, na pamoja naye mgonjwa, mama mwenye mtoto, na msafiri mwenye haraka.

DAWA YAKE

Kwa mwenye mkahawa: andika "nusu sahani" ubaoni pamoja na bei yake, ili asiye na ujasiri wa kuuliza asome. Punguza wali, usipunguze kitoweo. Pima robo kwa uso ule ule unaopimia kilo mbili.

Kwa kijana aliye safarini na mzee: agizeni pamoja, mle katika sinia moja, wala usimhimize kwa kelele, "Kula, mzee wangu, maliza!" Chakula kilichobaki kikifungwa, kisikae katika joto zaidi ya saa mbili, na kutoka Isinya mpaka Namanga ni kiasi cha kilomita 100, basi kuagiza kiasi ni bora kuliko kufunga.

Na kwa mzee mwenyewe: useme ukitakacho. Kuomba kipimo chako si unyonge. Mwenye kuagiza kwa ajili ya macho ya watu, hushibisha macho hayo kwa mali yake.

MASWALI YA DARSA

1. Kwa nini mzee hupungukiwa na hamu ya kula lakini haja yake ya protini haipungui?
2. Kuna tofauti gani kati ya nusu sahani yenye bei iliyotangazwa na sahani iliyopunguzwa kwa siri?
3. Fidia ya mzee asiyeweza kufunga yatufundisha nini juu ya kumpimia mtu kwa kadiri yake?
4. Katika mtaa wetu, ni mkahawa upi tunaoweza kuuendea na kuushauri kwa upole?

Wallahu a'lam.